Futi Saba za Mama Neema

Watatu walisema ndiyo, wawili wakasema hapana, na tukashindwa.

Najua baadhi yenu mmesoma hesabu mpaka chuo kikuu, na mtaniambia Babu Salim umechanganya, watatu ni wengi kuliko wawili. Hata mimi nilidhani hivyo. Nilikuwa nimekaa kiti cha mbele katika ukumbi wa manispaa, kofia yangu magotini, nikaanza kutabasamu kabla mwenyekiti hajamaliza kusoma matokeo. Mama Neema, mteja wangu, aliyekaa ubavuni mwangu, aliniona natabasamu, naye akatabasamu. Ndipo yule bibi mwenyekiti aliposema ombi limekataliwa. Katika bodi ile ya watu watano, ombi halipiti mpaka wakubali wanne. Nilishtuka kama mtu aliyevutiwa kiti akiwa anakaa.

Nawaandikia ninyi vijana mnaonijia baada ya sala ya Ijumaa hapa Richardson, mkitaka kujua kazi ya vibao vya biashara ikoje, na nyinyi wa Houston mnaonipigia simu kuuliza kama kuna riziki ndani yake. Riziki ipo. Kazi hii nimeifanya miaka thelathini na kitu, nusu huko Houston nusu huku Dallas, na nimewaeleza mengi kuhusu nguzo, zege na umeme. Hili la Mama Neema sijamweleza mtu. Kila nikilikumbuka napigwa na butwaa upya, na mzee hapendi kuonekana ameduwaa. Lakini nimestaafu sasa, sina jina la kulinda.

Mombasa nilikuwa mchora vibao. Kinyozi, bucha, duka la simu, hata kliniki ya meno niliyoichorea jino kubwa lenye tabasamu. Nilikuwa na brashi zangu na mkono usiotetemeka, na nilipofika Houston nilidhani huo mkono ndio utakaonilisha. Nikapata kazi kwa fundi mmoja Mmeksiko aitwaye Ramiro, mtu mfupi, mpole, asiyecheka ovyo. Hakujua Kiswahili wala mimi sikujua Kihispania, kwa hiyo tulikutana katika Kiingereza kibovu cha wote wawili. Siku ya kwanza nilimwonyesha albamu ya picha za kazi zangu. Akazitazama moja moja kwa heshima zote, akafunga albamu, akanikabidhi koleo la kuchimbia.

Ndivyo nilivyojua kwamba kibao huku kinaanzia ardhini. Herufi ni jambo la mwisho. Udongo wa Texas, wa Houston na wa Dallas vilevile, ukinywa mvua unavimba, ukikosa mvua unapasuka mpaka unaingiza mkono. Shimo la nguzo lazima lipite hiyo tabaka inayohangaika, liende chini kwenye udongo uliotulia, la sivyo baada ya viangazi viwili kibao chako kitakuwa kimeinama kama kinasalimia magari. Zege lake ulimwage liinuke kidogo juu ya ardhi na uliteremshie mabega, maji yasikae kwenye shingo ya nguzo. Na kabla ya kuchimba chochote unapiga simu waje watu wa nyaya na mabomba kupaka rangi nyasini: nyekundu ni umeme, njano ni gesi, buluu ni maji. Ukiona wamekuja na hawakupaka rangi yoyote, Ramiro alisema, usifurahi haraka. Piga tena.

Wakati huo tulikuwa bado na taa za neoni. Fundi wake aliukunja mrija wa kioo juu ya moto kwa pumzi na vidole, na kibao kilichokamilika kilikuwa na mvumo wake, ukisimama chini yake unausikia. Siku hizi ni vitaa vidogo vya kubandika, havivumi, havichomi, na mtu yeyote anaweza kuvipanga. Siwaonei wivu, ila mngesikia ule mvumo.

Ramiro alinifunza jambo moja ambalo ningelishika, nisingekuwa naandika haya. Tulipandisha herufi za taa juu ya jengo la daktari wa macho, orofa mbili juu, na mimi ndiye niliyekuwa kwenye kikapu cha kreni. Tulipomaliza tukashuka, mteja akafurahi, tukaondoka. Tukiwa barabara kuu Ramiro akageuka kutazama, akapunguza mwendo, akatoka barabarani. Nilikuwa nimeipandisha herufi S kichwa chini miguu juu. Herufi hiyo ina tumbo dogo juu na tumbo kubwa chini, na ukiigeuza karibu hakuna anayejua. Nikamwambia, Ramiro, mteja hajaona, daktari wa macho mwenyewe hajaona. Akaniambia, “Lakini wewe sasa umeona.” Tukarudi, nikapanda tena juani, nikaigeuza.

Miaka ile niliishi Missouri City na kazi nyingi zilikuwa Houston kwenyewe. Houston ni mji wa ajabu kwa mambo haya. Haujagawanywa kwamba hapa ni makazi, hapa ni biashara. Utaona kanisa, gereji na nyumba ya mtu vimekaa bega kwa bega, na kila mmoja ameridhika. Vibao vina masharti yake hata huko, msije mkadanganyana, lakini mtu akizoea Houston anazoea kupumua. Nilipohamia Mesquite, huku upande wa Dallas, nikakuta miji midogo imeshikana kama vyumba vya nyumba moja, na kila mji una kitabu chake cha sheria. Ukivuka barabara moja tu, kibao kilichokuwa halali kinakuwa haramu. Nikajifunza vile vitabu. Nilijivuna, na niwaambie ukweli nilijivuna sana, kwamba miaka yote hiyo sijawahi kuitwa mbele ya bodi yoyote. Kazi ya Salim inapita mara ya kwanza. Nilikuwa nalisema hilo kwa sauti.

Mama Neema alinijia kupitia jirani yangu. Ni Mkongomani wa Uvira, mama mwenye umri wa binti yangu wa kwanza, mshonaji wa sare za kwaya. Ukiona wanakwaya wa Kikongo wanaingia kanisani Jumapili, mistari imenyooka, kola zote zinalingana, huenda ni mikono yake. Alikuwa amefanya kazi ghalani Mesquite kwa miaka, amesimama kwenye saruji akifunga maboksi mpaka magoti yakaharibika. Akipanda ngazi anashikilia ukuta. Basi akaacha ghala, akakodi nyumba ndogo yenye kibali cha biashara katika mji mmoja pembezoni mwa Dallas ambao jina lake nitaliacha, akaweka cherehani tatu na kioo kirefu.

Tatizo ni mahali ilipo. Barabara inapinda pale, na upande wa mashariki jirani ana ukuta mrefu wa matofali wa stoo za kukodisha. Magari yanatoka konani kwa kasi, na kabla dereva hajaiona nyumba ya Mama Neema ameshaipita. Kwa miezi kadhaa wateja wake walikuwa watu wa kanisa lake tu. Alitaka kibao cha nguzo, chenye taa, karibu na barabara. Aliniambia wazi, hakuficha: kibao hicho kisipoleta watu, atarudi ghalani.

Sharti la mji ule ni kwamba nguzo isimame futi kumi ndani ya mpaka wa kiwanja. Sikilizeni vizuri hapa, kwa sababu ndipo nilipoanguka. Mpaka wa kiwanja si ukingo wa lami. Si ukingo wa njia ya miguu pia. Huku manispaa inaweza kumiliki ukanda wa nyasi baada ya njia ya miguu, na nyasi hazina alama, unazikata wewe, unazimwagilia wewe, na si zako. Mpaka wa kweli unaonyeshwa na bikoni, kipande cha chuma kilichopigiliwa ardhini pembeni mwa kiwanja, kina kofia ndogo ya plastiki juu, na mara nyingi nyasi zimekifunika. Kuna kifaa cha kutafutia chuma. Ninacho. Siku hiyo kilikuwa nyumbani.

Ilikuwa Julai. Mashine ya kuchimba ilikuwa imekuja na mwenyewe anataka kuondoka kabla ya adhuhuri, wenzangu wawili wameshaanza kulowa jasho. Niliitafuta bikoni kwa macho badala ya mikono. Sikuiona. Palikuwa na jiwe moja tu nyasini, la ukubwa wa mkate, limekaa pale nilipotaka kulaza utepe wa kupimia, nikaliokota nikalitupa kando. Mtaa wa nyuma yake, nilikokuwa nimefanya kazi mwaka uliotangulia, mpaka ulifuata njia ya miguu. Nikajisemea hapa ni vilevile. Nikalaza utepe kutoka ukingo wa njia ya miguu, nikahesabu futi kumi, nikapiga msumari wa alama.

Mama Neema akatoka na chai ya tangawizi katika joto lile, kama wafanyavyo watu wa kwao na wa kwetu. Akasimama pale na sinia, hakuondoka. Akaniuliza, taratibu, kwa Kiswahili cha kwao, ambako baba ni papa na ndio ni njo, “Papa Salim, uko sure njo hapa?” Nikacheka. Nikamwambia mama, niachie kazi yangu, kazi hii nimeifanya kabla wewe hujaijua Amerika. Wenzangu wakacheka. Naye akacheka kidogo, akakusanya vikombe, akaingia ndani.

Kibao kikasimama. Kilikuwa kizuri, wallahi. Maandishi ya buluu kwenye sahani nyeupe, picha ya sindano na uzi upande mmoja. Kwa siku tisa kiliwaka. Katika siku hizo tisa wateja wapya walisimama, Mama Neema alinipigia kunihesabia: mwanamke mmoja wa Kimarekani na gauni la harusi ya binti yake, Mnigeria mwenye vitambaa vya watu kumi na wawili, mzee wa kukunja suruali.

Siku ya kumi akaja mkaguzi. Kijana mpole, ana kifaa cha kutafutia chuma. Alitembea nyasini hatua chache, kikalia, akapiga goti, akafukua kwa kisu, na bikoni ikatoka na kofia yake ya rangi ya machungwa. Akapima kutoka pale mpaka kwenye nguzo yangu. Futi tatu. Nilimwomba apime tena. Akapima tena bila kinyongo. Futi tatu. Miaka yote ile, vitabu vyote vile, na nimekosea kwa futi saba, kosa la mtu wa wiki ya kwanza.

Akasema kuna njia mbili. Kukirudisha nyuma futi saba, au kuomba bodi ya mji itulegezee sharti. Nikasimama pale nguzo ingepaswa kuwa, nikatazama mashariki, na nikaona ukuta wa jirani. Ukikirudisha kule, gari linalotoka konani halikioni kabisa. Kwa hiyo tukaomba bodi.

Dada wa kaunta ya manispaa alitusaidia sana kujaza fomu. Alituambia bodi ile inaangalia ardhi, haiangalii mtu. Semeni juu ya kona, semeni juu ya ukuta, onyesheni kwamba umbo la mahali ndilo linalowaumiza. Pia tujue majirani watapelekewa barua. Yule mwenye stoo, Mungu ambariki, aliandika kwamba hana pingamizi. Tukapiga picha kutoka kwenye gari likitoka konani, nikachora ramani safi. Tulikuwa na hoja, na ilikuwa hoja ya kweli.

Lakini kuna jambo sikulifanya. Mama Neema aliponiuliza imekuwaje, nilimwambia vipimo vya mji na vyetu vimetofautiana. Hilo si uongo. Ila nilijitia hamnazo, nikamwacha aamini mji ndio wenye vipimo vya ajabu. Nilisema moyoni, tukishinda, ya nini kumpa wasiwasi.

Kikao kilikuwa saa kumi na mbili jioni, jua bado kali nje. Mama Neema alivaa kitenge chake cha kijani alichokishona mwenyewe. Kiingereza chake ni cha ghalani, cha kutosha kazi, na alitaka kusema mambo kwa ukamilifu, kwa hiyo wakakubali nimtafsirie. Tuliapishwa wote wawili, yeye kusema kweli na mimi kutafsiri kwa uaminifu. Kumbukeni hicho kiapo.

Alizungumza vizuri. Alieleza kona, akaeleza ukuta, akasema watu wanaomtafuta humpigia simu wakiwa wameshampita. Nilitafsiri, na niliona wanaandika. Mwenyekiti, bibi wa mvi aliyekata nywele fupi, alikuwa anatikisa kichwa kwa kukubali. Halafu mwanamume mmoja mwisho wa meza, mtu wa penseli na rula, aliinua ramani yangu. Akasema ramani ya kibali, ile tuliyoipeleka mjini kabla ya kuchimba, inaonyesha futi kumi, na kibao kipo futi tatu. Akauliza ni nani aliyechagua kisimame pale.

Nikamtafsiria Mama Neema swali. Nilikuwa tayari, naapa nilijiona niko tayari, akisema ni fundi, nitatafsiri kwamba ni fundi, na fundi mwenyewe ni mimi. Alinitazama. Aliutazama uso wangu kitambo, kisha akaitazama bodi, akasema:

“Muambie ni mimi. Muambie fundi alitaka kukiweka nyuma, mimi njo nilimulazimisha asogeze mbele.”

Nilishtuka mpaka kofia ikaanguka. Huyu ni mama wa kwaya, ametoka kuapa dakika chache zilizopita. Nikamnong’oneza, mama, usiseme hivyo. Akasema, bila kugeuza shingo, “Papa, muambie tu.” Mwenyekiti akauliza kama kuna shida. Katika ukumbi mzima ni watu wawili tu waliojua alichosema, yeye na mimi. Ningeweza kusema chochote. Ningeweza kusema, mheshimiwa, mama huyu ananikinga, kosa ni langu.

Nikatafsiri neno kwa neno. Nilijiambia nimeapa kutafsiri kwa uaminifu. Vijana, sijawahi kuwa mwaminifu kwa ubaya kiasi kile. Nilijificha nyuma ya kiapo kama mtoto nyuma ya pazia, na miguu yangu ikionekana.

Mwenyekiti akafunga sehemu ya kusikiliza watu. Sasa wakazungumza wenyewe kwa wenyewe, na yule wa penseli akaeleza kura yake kabla ya kuipiga. Alisema kona ni mbaya kweli, na ukuta ni mrefu kweli. Alisema kama fundi angekosea kupima, yeye angeweza kutazama mahali palivyo na kukubali, kwa sababu makosa ya utepe hutokea. Lakini mwenye biashara alipewa ramani ya futi kumi akaamua kwa makusudi kuivunja, na yeye hawezi kumzawadia mtu kwa hilo.

Nikainua mkono. Mwenyekiti akaniambia kwa upole kabisa kwamba muda wa kuzungumza umefungwa. Nikasimama. Akaniomba nikae. Nikakaa. Wakaita majina: ndiyo, ndiyo, hapana, ndiyo, na yule wa penseli, hapana. Nikahesabu watatu na hofu ikanitoka, nikasema Mungu ameniokoa na aibu yangu. Ndipo nilipotabasamu. Mengine nimeshawaambia.

Tulitoka mpaka kwenye maegesho. Lami ilikuwa bado inachoma kupitia soli. Nilisimama kando ya gari lake nikamwambia yote. Kwamba sikutafuta bikoni. Kwamba nilikisia kwa kazi ya mtaa mwingine. Kwamba lile lililoitwa kosa lake ni langu peke yangu, na nilinyamaza alipolibeba. Nilimwambia hata neno langu la vipimo kutofautiana lilikuwa ujanja. Nilitarajia alie, au anitukane, na ningeshukuru kutukanwa.

Mama Neema alikuwa anatafuta funguo kwenye mkoba. Akasema, “Najua, Papa.”

Nikamuuliza anajua nini.

“Kile chuma nilikionaka zamani, wakati nalima mboga ya lengalenga pale mbele. Njo nikaweka jiwe juu yake, nisikipoteze. Wewe ulikuja ukalitupa.”

Vijana, nimeanguka kutoka kwenye ngazi mara mbili katika maisha yangu, na mara moja umeme ulinirusha. Hakuna kilichonipiga kama maneno hayo. Jiwe lile. Lile la ukubwa wa mkate. Nikamuuliza, mbona hukuniambia.

“Nilikuuliza, Papa. Ukaniambia nikuachie kazi yako, bantu bakacheka. Kwetu mukubwa akisema vile, unanyamaza. Na leo pia, ningekuaibisha aje mbele ya bale bantu bote? Wewe ni kama papa yangu.”

Alisema hivyo bila lawama. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba hakukuwa na lawama hata chembe. Alidhani ameniheshimu. Na kwa mujibu wa malezi yake, na yangu pia, aliniheshimu. Mimi mwenyewe nililelewa hivyo hivyo, mtoto hamkosoi mzee, fundi hakosolewi na mteja, na nilikuwa nimelitumia hilo miaka yote kama kiti cha kuegemea. Ramiro aliponirudisha juu kugeuza ile herufi nilikuwa kijana, nikatii. Nilipokuwa Ramiro mimi, hakuna aliyethubutu kunirudisha.

Asubuhi yake nilikuwa wa kwanza kwenye kaunta ya manispaa. Nilimweleza yule dada kila kitu, nikamwambia niandikieni hata barua, nitasaini. Alinisikiliza, macho yakamlainika, akasema uamuzi umeshatoka na ombi lile lile haliwezi kurudishwa mpaka muda mrefu upite. Nikampelekea Mama Neema habari kwamba tungoje, halafu turudi tuseme kweli. Akakataa. Alisema hataki tena kuapa kwa ajili ya kibao.

Basi kikarudishwa nyuma. Anayetoka magharibi hukisoma chote, vizuri kabisa. Anayetoka konani huona ukuta, halafu ncha ya sindano, halafu ameshapita. Mama Neema amerudi ghalani, siku nne kwa wiki. Anashona siku zinazobaki. Magoti yake sijamuuliza, kwa sababu namwona anavyoshuka kwenye gari.

Mnaponiuliza kazi hii inahitaji nini, mnataka niseme mkono imara, au kutoogopa urefu. Nunueni kifaa cha kutafutia chuma, na msikiache nyumbani. Pimeni kutoka kwenye bikoni, msipime kutoka kwenye kitu chochote kilichoonekana kirahisi. Na mkiwa na mzee kama mimi, mkaona utepe wake umelala vibaya, mwambieni. Akikasirika, mwambieni tena. Akiwachekesha watu juu yenu, shikeni utepe wake msiuachie. Nawapa ruhusa, na wazee wenzangu watakaonikasirikia waje kwangu, nyumba wanaijua.

Siku tuliyokihamisha kibao nilikwenda na wenzangu wale wale wawili. Nilifukua bikoni kwa mikono yangu, nikalaza utepe, nikahesabu futi kumi, nikasimama na msumari wa alama. Mashine ilikuwa inanguruma, mwenyewe anatazama saa. Nikamwita Mama Neema atoke, nikamwomba aje karibu, nikampa utepe. Nikamuuliza, mbele ya wote, kama ni hapo.

Akawatazama wale wenzangu, akanitazama mimi. Kisha akapiga goti, akijishikilia kwenye nguzo ya zamani, akafuatisha utepe kwa kidole kutoka kwenye chuma mpaka kwenye kiatu changu. Utepe ulikuwa umejikunja nyasini, futi kumi hazijatimia, nami sikuona.

“Hapana, Papa,” akasema. “Rudi nyuma kidogo.”

Nikarudi.